Kapteni wa Mto Usiofika Kifundoni

Mume wa mdogo wangu alikuwa akienda kazini na boya kiunoni, lile duara la kuokolea watu wanaozama. Lilikuwa zito, rangi yake imepauka kwa jua, na lilimbana tumbo hata akicheka lilipanda na kushuka pamoja naye. Asubuhi ungemwona anatoka nyumbani kwake pale penye daraja, anateremka ngazi za mawe upande upande kama bibi harusi mwenye gauni pana, anavua viatu, anavipanga juu ya jiwe, ndipo anaingia mtoni. Na mto wenyewe, wakati wa kiangazi, kuku wawili walikuwa wanauvuka huku wakipiga soga na hakuna aliyemkatisha mwenzake.

Mtaa mzima ulimwita Kapteni. Mimi nilimwita Shemeji, maana ndivyo alivyokuwa, na mbele ya shemeji mtu ana ruhusa ya kusema lolote. Siku moja nikamuuliza, "Shemeji, hilo boya unalivaa usizame, au unauonea huruma mto usijione hautishi?"

"Kanuni ya kazi, shemeji. Mpimaji haingii mtoni bila boya."

"Na mto usipokuwa na maji?"

"Kanuni haikutaja maji."

Kazi yake ilikuwa kuupima mto. Chini ya daraja kulisimama ubao mrefu uliochorwa namba kuanzia chini hadi juu, naye kila kukicha aliinama akasoma maji yamegusa wapi. Halafu alipanda darajani akatutangazia. Kwa kuwa wengi wetu namba zilikuwa hazituambii kitu, alitumia mwili wa mtu. "Leo kifundo." "Leo ukucha." Siku za mvua, "Goti, na linapanda, ondoeni mbuzi." Tukazoea. Watu wakikutana njiani hawakuanza na hali ya watoto.

"Mto umeamkaje?"

"Umeamka na ukucha."

"Afadhali. Jana ulilala na unyevu tu."

Baada ya kututangazia sisi aliingia ndani, akalitundika boya kwenye msumari wa mlangoni ambapo watu wengine hutundika kofia, akapiga simu ofisini. Alisoma namba polepole. Upande wa pili sauti ya mwanamke ilisema, "Asante, nimepokea," na Kapteni alikata simu akiwa ameridhika kabisa, kama mtu aliyemfikisha mtoto shule. Miaka nenda miaka rudi ikawa hivyo.

Sasa msidhani mto ule ulizaliwa mnyonge. Mimi niliukuta ukiwa na mwili wake. Ulikuwa ukikohoa, vikombe kabatini vinagongana. Samaki wake walikuwa wakubwa kiasi kwamba ukimvua mmoja maji yanashuka, na mvuvi ilibidi aombe ruhusa kwa wanaooga kule chini. Mamba walikuwepo pia, lakini wa heshima, wakimwona mjamzito wanasogea. Yote haya niliyaona mwenyewe, na anayebisha aniletee mamba aliyekana.

Kisha mji ukauona mto, ukaupenda, ukaja kukaa karibu nao. Hapo ndipo ulipoanza kukonda. Zamani mvua ilinyesha, ardhi ikainywa, halafu ikaugawia mto kidogo kidogo kiangazi kizima, kama mama anayepima unga akijua mwezi bado mrefu. Zikaja nyumba. Zikaja bati, saruji, lami, uwanja wa kuegesha magari ya watu ambao hata magari hawana. Ardhi ikafunikwa mdomo. Tangu hapo mvua ikinyesha mitaa ya juu, mto unajaa kabla chai yako haijapoa, unapita kwa kelele ukiwa umebeba viti vya watu, na chai ikipoa umeshaondoka na umeacha ndala moja.

Kiangazi ulikuwa unaanzia nyuma ya kiwanda cha biskuti, kwenye bomba, ndiyo maana mwanzo wake ulinukia maziwa. Kutoka hapo ulizunguka uwanja wa mpira, ukajipenyeza kwenye kalvati chini ya kituo cha mafuta, ukatokea kwetu ukiwa mweusi na umenuna. Kilichouongezea nguvu kidogo ni Jumamosi. Jumamosi mitaa ya juu ilikuwa inafua, maji yote yanateremka kwetu, na mto unapanda toka ukucha hadi kifundo huku jua linawaka na wingu hata la dawa halipo. Kapteni hakuficha. Alitangaza hivyo hivyo: "Leo kifundo, na povu."

Kusema uongo hakuweza, na mdogo wangu alijaribu kumfundisha. Kiangazi kimoja ubao ulikaa mkavu, akamwambia, "Baba watoto, si useme hata ukucha? Nani atakuja kuangalia?"

"Mto si wangu nikauongeze."

Siku ile alipiga simu akasema ubao ni mkavu ila matope yana matumaini. Akajibiwa, "Asante, nimepokea."

Alibaki samaki mmoja tu. Tulimwita Mpangaji. Maji yalikuwa hayamtoshi kusimama, kwa hiyo alilala ubavu, na saa za mchana Kapteni alimgeuza ili upande wa pili nao upate kulowa. Mnaweza kucheka. Lakini kwa macho yangu nimemwona samaki yule akifika saa ya kugeuzwa anamtazama Kapteni kama mgonjwa anayemjua muuguzi wake.

Basi kiangazi kimoja akaja Mkaguzi kutoka ofisini. Alikuwa kijana mwenye mkoba, viatu vinang'aa, na tai iliyombana shingo. Alisimama darajani akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeelekezwa nyumba na haioni.

"Mzee, mto uko wapi?"

"Umesimama juu yake, Mheshimiwa," Kapteni akasema.

"Huu?"

"Ndio huo. Umeamka na ukucha."

Mkaguzi akamtazama yeye, akalitazama boya, akarudi kuutazama mto. Akasema ofisini hawajapata kipimo cha mto huu tangu walipohamia jengo jipya, wakachukulia kwamba mto ulikufa na mpimaji naye ndivyo hivyo, Mungu amlaze pema.

"Kila siku napiga simu," Kapteni akasema.

"Kwa nani?"

Kapteni akatoa simu, akabonyeza namba ile ile ya siku zote, akaweka sauti juu tusikie wote. Yule mwanamke akapokea.

"Samahani mama," Kapteni akasema. "Kwani hapo ni ofisi ya maji?"

"Hapana, baba. Hapa tunauza magodoro."

Wote tukaisogelea simu. Hata Mpangaji naona alisikiliza.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukasema nisikukatize, mto unapanda. Nikangoja ushuke, siku ya pili ukapanda tena. Halafu nikazoea. Siku hizi ukichelewa kupiga roho haitulii, hata duka nashindwa kufungua. Leo ukoje?"

"Ukucha," Kapteni akasema kwa sauti ndogo.

"Asante, nimepokea."

Mkaguzi alikohoa, akafungua mkoba, akatoa chungwa. Mimi nilidhani ana njaa. Kumbe ndiyo kazi: chungwa huelea likiwa limezama nusu, upepo haulichezei sana, na kila mtu analiona. Unalitupa majini, unatazama mwendo wake, na mwendo wa chungwa ndio mwendo wa mto. Akalitupa. Chungwa likakaa. Likakaa sana. Halafu kaupepo kakavuma, na chungwa likaanza kujongea taratibu kuelekea juu, kwenye kiwanda cha biskuti unakotoka mto.

"Linarudi," mdogo wangu akasema.

"Nimeona, mama," Mkaguzi akasema.

"Labda limesahau kitu," nikasema mimi.

Hakucheka. Akatueleza mambo yalivyo, na akayaeleza bila ubaya, maana ndivyo alivyotumwa. Mvua ikinyesha hata mtaro hujaa. Mto ni ule unaotembea kiangazi. Usiotembea ni mtaro, na mtaro hufunikwa kwa slabu za zege watu wakapata mahali pa kupita. Atarudi Jumatano, afunge kamba mbili toka ukingo hadi ukingo, moja kabla ya daraja na nyingine baada yake. Chungwa likitoka kamba ya kwanza likafika ya pili, atasema mto. Lisipofika, Alhamisi mafundi wanaleta zege, nyumba ya darajani inavunjwa kwa kuwa ni ya kazi na kazi haipo, na Kapteni anahamishiwa stoo ya mabomba.

"Na Mpangaji?" Kapteni akauliza.

"Mpangaji gani? Nyumba hii imepangishwa?"

Tukamwacha aende zake.

Siku ile Kapteni hakula. Alikaa mezani, dirisha lake likitazama maji, boya bado liko kiunoni kwa hiyo kiti kilimkataa, akawa amekaa nusu na kusimama nusu.

"Stoo ya mabomba si mbaya," mdogo wangu akamwambia. "Kuna kivuli."

"Bomba halina habari," Kapteni akasema. "Ukiliuliza limeamkaje, limeamka bomba. Mimi nitaamka nimtangazie nani nini?" Akatazama nje dirishani, akasema, "Nimeuangalia mto huu tangu ukiwa kifua. Sasa ni ukucha ndio niuache wafunikwe kama maiti?" Akasahau hata kusema "ufunikwe". Nikajua ameumia.

Mdogo wangu akanivuta jikoni. "Dada, lazima chungwa litembee."

"Tumwage ndoo?"

"Nimemwambia. Amesema nikimwaga hata kikombe atamwambia Mkaguzi."

"Basi asiambiwe. Jumamosi mto unapanda kwa nini?"

Tukatazamana. Mdogo wangu akavaa viatu.

Kazi aliyoifanya siku zile, serikali ingempa nishani. Alipita nyumba kwa nyumba mitaa ya juu akiomba jambo moja: Jumamosi hii msifue. Wekeni nguo zote. Wekeni na maji, kwenye mabeseni, ndoo, mapipa, sufuria. Jumatano, mkipewa ishara, mmwage kila kitu kwa pamoja. Watu wakakubali, kwa vile kila nyumba ilikuwa na mtu aliyewahi kuokolewa na tangazo la Kapteni, na kama si mtu basi mbuzi. Dobi, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, ambaye kwake tulikwenda pamoja, alifurahi kupita wote.

"Mimi nina tangi," akasema. "Lile refu kuliko nyumba. Sijawahi kulifungua lote, huwa nafungua robo."

"Robo inatosha, Dobi," mdogo wangu akasema.

"Shemeji yako ni Kapteni au si Kapteni?" Dobi akaniuliza mimi.

"Ni Kapteni."

"Basi robo ni matusi."

Kufika Jumanne mitaa ya juu ilikuwa haina nguo safi. Watu walivaa mashati nje ndani, siku ya pili ndani nje. Mwalimu alikwenda kufundisha amejifunga pazia la sebuleni, na wanafunzi wakamsifu. Mabeseni yalijaa vyumbani hata ukitaka kulala ilibidi uombe njia. Na huku chini, kwa kuwa Jumamosi haikuleta maji, mto ukapungua kutoka ukucha ukawa kijasho. Kapteni akatangaza "Leo unyevu," akaenda kumgeuza Mpangaji mara mbili zaidi.

Ishara ilikuwa nyepesi. Mkaguzi atakapolitupa chungwa, mdogo wangu atakung'uta blanketi jekundu kwenye ukingo wa daraja. Dobi atakuwa juu ya paa lake anatazama. Akiona chekundu, anapuliza filimbi, mitaa yote inamwaga. Kitu gani kingeharibika hapo?

Jumatano ikafika. Mkaguzi akaja na viatu vile vile. Mdogo wangu amesimama darajani, blanketi kalikunja kwapani kama mtu anayekwenda kulazwa. Mimi niko pembeni yake na kigoda changu, maana mambo mazuri huyatazami umesimama. Kapteni amepiga pasi suruali, boya kiunoni, amenyooka kama mlingoti.

"Vua hilo boya leo tu," mkewe akamnong'oneza. "Mgeni atatucheka."

"Anicheke. Kanuni ni kanuni."

Mkaguzi akakunja suruali, akashuka mtoni na kamba zake. Ya kwanza akaifunga kabla ya daraja, kutoka mti hadi nguzo. Akapita chini ya daraja, akaanza kuifunga ya pili. Chungwa liko mfukoni. Halafu, ili kamba zionekane vizuri kutoka mbali, akatoa mkobani vitambaa akavining'iniza juu yake, kamba ya kwanza na ya pili.

Vitambaa vilikuwa vyekundu.

Mimi nikaviona. Mdogo wangu akaviona. Tukageuka wote wawili kutazama paa la Dobi kule juu, na Dobi alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni.

"Mheshimiwa," mdogo wangu akasema kwa upole sana, "hebu toka kwanza hapo majini."

"Maji gani?" Mkaguzi akasema. Na kwa wakati ule alikuwa na haki.

Kwanza ilikuja harufu, sabuni ya unga na ya mche na ile ya maji yenye ua kwenye chupa. Halafu kalvati ya kituo cha mafuta ikaguna kama mtu aliyevimbiwa. Halafu mto ukatoka. Ukatoka mweupe, wanangu, mrefu, umevaa povu kichwani kama kilemba, na ndani yake soksi, foronya, leso, na mapazia mawili yanayofanana. Dobi alikuwa amefungua tangi lote. Baadaye alituambia alifungua nusu, lakini mimi nililiona tangi, lilikuwa likilia.

Mkaguzi akapata muda wa kusema "Huu sasa ni—" mto ukamzoa. Ulimchukua pale penye kamba ya pili ukamzungusha, na kwa sababu ukuta wa daraja huyarudisha maji yakiwa mengi, ukamrudisha juu mpaka kamba ya kwanza, kana kwamba nao ulijua masharti na ulitaka aanze mwanzo. Ameinua mkono mmoja, na mkononi lile chungwa. Hakuliachia. Kazi ni kazi.

Hapo Kapteni akaruka. Miaka yote ile boya lilikuwa limengoja siku hii, na nadhani lilikuwa limekwisha kata tamaa, maana lilipogusa maji lilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Akamfikia Mkaguzi, akajivua boya, akamvisha yeye, mwenyewe akashika kamba. Wakaja hivyo wawili, wakapita chini yetu. Na alipokuwa anaupita ule ubao wake Kapteni akageuza shingo akausoma, maji yamemfika kidevuni, akatutangazia kutoka humo humo: "Kifua. Kifua na povu. Ondoeni mbuzi."

Sauti yake sijawahi kuisikia ikiwa nzuri vile.

Mto ukawatua nyuma ya kamba ya pili, juu ya mchanga, kwa adabu. Chai ingekuwa haijapoa, umeshaondoka. Mkaguzi amekaa ndani ya boya, foronya begani kama skafu, povu kichwani, na sikioni soksi ya mtoto mchanga. Chungwa liko mkononi. Daraja lote limejaa watu waliovaa mashati nje ndani, wanacheka mpaka wanashikana.

"Limefika," mdogo wangu akasema. "Chungwa limetoka kamba ya kwanza limefika ya pili. Tumeona wote."

Lakini mimi nilikuwa namtazama Shemeji. Alichota povu kwa kidole, akaonja. Akatazama juu kwenye mitaa, akamtazama mkewe na blanketi lake jekundu ambalo hakuwa hata amelikunjua. Mdogo wangu akafumba macho.

"Mheshimiwa," Kapteni akasema, "haya si maji ya mto. Ni maji ya kufulia. Mtaa umefua."

Watu wakaacha kucheka. Nikawaza nitawapatia wapi kitanda hawa wawili, na samaki nitamweka kwenye chombo gani.

Mkaguzi akatoa soksi sikioni. "Sema tena, mzee."

"Ni mashuka ya hospitali. Na mapazia, nimeyaona. Si haki uambiwe mto."

"Unataka kusema mimi nimesombwa na nguo chafu?"

"Chafu kidogo. Sabuni ilikuwa nyingi."

Mkaguzi akajitazama. Akatutazama sisi darajani, tuliokuwa tumebana midomo. Unajua mtu anapopiga hesabu kichwani macho yanavyosogea. Yake yalikwenda mpaka ofisini, yakapanda ngazi, yakaingia chumba chenye wenzake, wakamuuliza mbona umelowa, akawaambia, yakarudi mbio.

"Mzee," akasema, "mimi ni mkaguzi mwandamizi. Mimi sisombwi na nguo. Nimesombwa na mto."

"Lakini maji—"

"Mto hauulizwi umeyapata wapi maji. Mvua yenyewe inayapata wapi?"

Kapteni akafikiri. Alifikiri kwa haki, nilimwona. "Hilo sijawahi kuuliza," akakiri. "Lakini siwezi kusema mto halafu ninyamaze. Useme mto wenye povu."

"Mto tu."

"Wenye povu, Mheshimiwa. La sivyo nitapiga simu niwaambie mwenyewe."

"Utampigia muuza magodoro."

"Huyo naye ana haki ya kujua."

Mkaguzi akajaribu kusimama kwa hasira, boya likamrudisha chini. Mwisho akasema haya, mto wenye povu, nipeni taulo. Taulo mtaa mzima halikuwepo lililo kavu. Mdogo wangu akamfunika lile blanketi jekundu, na Dobi alipoliona kutoka juu ya paa akapuliza filimbi tena, lakini namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amebakiwa na maji.

Alhamisi zege halikuja. Kilichokuja ni lori la ofisi lenye bango kubwa la kusimikwa darajani: HATARI, MTO WENYE POVU. Na kwa kuwa mto umeshathibitishwa kwamba ulimchukua mtumishi wa umma, kanuni ikaamuru kila nyumba ya ukingoni ipewe boya. Wakatugawia. Langu mimi nalikalia, mgongo umepata nafuu sana. Dobi alichukua lake na la jirani.

Shemeji alimnunia mkewe kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Hakumsemesha nyumbani, lakini asubuhi alisimama darajani akatangaza, "Leo ukucha. Na mke wangu ni mjanja." Mtaa ukaitikia, "Asante, tumepokea." Kilichomlainisha ni Mpangaji. Tulimtafuta baada ya mafuriko tukamkosa, Kapteni akawa hali wala hasemi, hadi mdogo wangu alipomkuta kwenye kidimbwi nyuma ya kamba ya pili, mzima, anang'aa kama kijiko kipya. Alimbeba kwenye aproni yake akamletea mumewe, akamgeuza mwenyewe upande wa pili. Basi wakaanza kuongea.

Ofisi ilimpa namba sahihi. Kila asubuhi anawapigia, wanamwambia subiri, anasubiri, simu inakatika. Ndipo anapiga ile namba nyingine, boya likiwa bado kiunoni, kiti kimemkataa, dirisha limetazama maji.

"Leo ukucha," anasema.

"Na Mpangaji?"

"Mzima. Nimemgeuza sasa hivi."

"Asante, nimepokea. Haya, baba, nafungua duka."